Doa la bibo kwenye ukurasa wa 112

Kitabu chenyewe ni riwaya ya baba, kilichapwa miaka ya 70, na jalada la mbele halipo tena. Mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa katani na sindano ya shazia, ile ile ambayo baba alifungia magunia ya korosho kule kwetu Newala. Mishono ni minene, haina urembo wowote, lakini sijawahi kuona karatasi ikichomoka.

Ukurasa wa 112 una doa la bibo, tunda la mkorosho. Aliyekulia kwenye mikorosho anajua: maji ya bibo yakidondokea nguo, utaifua mpaka ichakae na doa utaliacha pale pale. Hili la kitabuni limegeuka rangi ya kutu. Baba alikuwa akisoma chini ya mkorosho wakati wa kuokota, Oktoba na Novemba, mchana jua linapochoma na watu wamepumzika. Sijui bibo lilimdondokea au alikuwa analila huku anasoma. Sikumuuliza alipokuwepo.

Nikitaka kile kipande ambacho bibi anakataa posa mbele ya wageni, sitafuti namba. Najua kiko kushoto, juu, kurasa chache baada ya doa. Mkono unakwenda wenyewe.

Kwenye simu nako nasoma. Nimemaliza riwaya kadhaa humo, nyingine kwenye basi la Masasi, na sikumbuki jambo lipi lilikuwa wapi. Maneno yanapanda, yanapotea, na kila ukurasa ni sawa na mwenzake. Halafu ujumbe wa kikundi cha AMCOS, ushirika wetu wa mazao, unaingia juu ya sentensi, bei ya mnada imetoka, na kusoma kumeishia hapo.

Nilidhani ni mazoea yangu tu. Lakini mwaka 2013 Anne Mangen na wenzake huko Norwei walichapisha utafiti wa wanafunzi 72 wa darasa la kumi. Wengine walisoma kwenye karatasi, wengine maandishi yale yale kwenye kompyuta. Wa karatasi walifanya vizuri zaidi katika maswali ya ufahamu. Sababu mojawapo waliyoifikiria ni hii hii: kwenye skrini ni vigumu msomaji kujua yuko wapi ndani ya maandishi. Mwaka 2018 watafiti wengine, akiwemo Pablo Delgado wa Hispania, walijumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Karatasi ilitangulia tena, hasa kwa maandishi ya maarifa na pale msomaji anapobanwa na muda. Kwa hadithi, tofauti haikuonekana.

Nalisema hilo wazi kwa sababu kitabu cha baba ni hadithi, na sitaki kuwasingizia watafiti. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Kitabu cha biolojia nitamnunulia cha karatasi hata kama ni kwa kuuza kuku. Kwenye riwaya natetea jambo jingine: karatasi humtunza aliyeisoma kabla yangu. Nikifika ukurasa wa 112, nakaa na baba kivulini.

Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara ya Dar kule Somanga. Siku chache baadaye nyaya za baharini zikapata hitilafu na intaneti ikawa ya kubahatisha. Magazeti nayo hayakunifikia, kwa hiyo sisemi kwamba karatasi ilishinda. Nilikuwa na kile kilichokuwa tayari ndani ya nyumba. Hapa Chuno, mjini Mtwara, nikakitoa kitabu sandukuni, nikakisoma usiku wa siku tatu.

Kwenye karatasi ya mwisho baba alikuwa akiandika mwezi na mwaka kila alipomaliza. Kuna tarehe nne. Ya mwisho ni Desemba 2009, mwandiko umeshaanza kutetemeka. Nikachukua penseli, nikaandika yangu chini yake.

Binti yangu alikuwa pembeni. "Mama, babu alikisoma mara nne hiki hiki?"

Nikampa ahesabu mwenyewe. Hakukirudisha. Juzi kaniita kutoka uani nikamwone: kafika kwenye doa, kaliwekea kidole.