Kungoja Upepo

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Juma hili nimekwama kwenye Matendo ya Mitume (Mdo) 16:6-7. Paulo anataka kwenda Asia, jimbo la Kirumi katika Uturuki ya leo, anakatazwa. Anajaribu Bithinia, jimbo jirani, na "Roho wa Yesu hakuwapa ruhusa". Nikamkumbuka Mtakatifu Fransisko Ksaveri, padre mmisionari wa Kijesuiti. Tumezoea kumhesabia safari: Goa huko India, Malacca, Japani. Mimi siku hizi namtazama zaidi pale alipokwama.

Alitweka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35. Merikebu ikafika Kisiwa cha Msumbiji mwishoni mwa Agosti, kusi, upepo wa kusini unaosukuma vyombo kwenda India, imekwisha nguvu. Watu wa pwani hamhitaji kuelezwa. Wakabaki hapo hadi mwanzo wa mwaka uliofuata, na mabaharia wakawa wanaugua na kufa. Kazi yake miezi ile yote ilikuwa wagonjwa: kuwaungamisha, kuwapa Komunyo, kuwashika mkono wakikata roho. Hadi homa ikamlaza na yeye.

Njiani kuelekea Goa walitia nanga Malindi, wakamzika mwenzao aliyefia chomboni. Hapo mzee mmoja Mwislamu, mtu wa heshima mjini, alimuuliza kama Wakristo bado wanakwenda kanisani, maana kwao, katika misikiti 17, watu walikuwa wakiingia mitatu tu. (Wazee wa jumuiya yetu huuliza vivyo hivyo kila Misa ya kwanza.) Jibu la Fransisko halikuwa na upole: alimwambia Mungu hapendezwi na sala za wasioamini. Ni mtakatifu wangu, lakini hapo simtetei. Mzee alikuja na uchungu wake, akaondoka nao.

Miaka kumi baadaye Fransisko alikuwa anangoja tena, kwenye kisiwa cha Shangchuan, ng'ambo tu ya China bara. Mfanyabiashara wa Kichina alikubali kumvusha kwa siri hadi mji wa Canton (Guangzhou ya leo), malipo yakiwa pilipili manga. Siku ya ahadi ikafika, mashua haikutokea. Kesho yake pia. Merikebu za Wareno zikaanza kuondoka, baridi ikazidi, homa ikarudi.

Aliyebaki naye kibandani ni Antonio, kijana Mkristo wa Kichina. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 1552, Antonio alipoona pumzi zinakatika, aliwasha mshumaa akauweka mkononi mwa padre, akaushikilia usianguke.