Jinsi nilivyoigeuza steak au poivre kuwa supu ya kushibisha

Steak au poivre ni chakula cha Kifaransa chenye viungo vichache mno: pande la sarara hupakwa pilipili manga iliyopondwa, likakaangwa kwa siagi kwenye moto mkali, kisha ukoko wa nyama uliobaki kikaangoni ukabanduliwa kwa konyaki (pombe kali ya Kifaransa itokanayo na zabibu), supu ya mifupa na krimu, mpaka ukapatikana mchuzi mzito wa kumiminia juu ya nyama. Nakipenda sana chakula hiki, lakini sarara ni ghali, na kila mlaji anahitaji pande lake. Mimi nilitaka ladha ile ile iingie katika sufuria moja ya kulisha nyumba nzima.

Sarara yenyewe niliiacha tangu mwanzo. Ulaini wake unatokana na msuli wa mgongoni usiofanya kazi nzito, na kwa kuwa haina kano za kutosha, ukiichemsha kwa muda mrefu inakauka tu. Nilinunua kilo moja ya muundi, yaani nyama inayozunguka mfupa wa mguu chini ya goti, ambayo ina kano na utando mweupe mwingi. Ikichemka taratibu kwa saa mbili na nusu hadi tatu, kolajeni, yaani protini iliyomo kwenye kano na utando huo, huyeyuka na kuupa mchuzi uzito unaonata midomoni kama supu ya makongoro.

Kazi kubwa, hata hivyo, ilikuwa kwenye pilipili manga. Hapa Tanga tuna bahati ya kupata ile inayolimwa Muheza, kwenye milima ya Usambara Mashariki, na huinunua ikiwa punje nzima, kwa sababu iliyokwisha kusagwa hupoteza harufu upesi. Niliponda kijiko kimoja na nusu cha chakula kwenye kinu, kwa mapigo machache, mpaka kila punje ikapasuka vipande vitatu au vinne, kisha nikachekecha ili vumbi laini litoke, maana vumbi hilo huungua haraka na kuleta uchungu. Ukali wa pilipili manga hutokana na piperini, ambayo hustahimili kuchemka. Harufu yake, kinyume chake, hubebwa na mafuta mepesi yanayotoroka pamoja na mvuke. Kwa hiyo niligawa pilipili yangu mafungu mawili: theluthi mbili za kupikwa na nyama, na theluthi moja ya kutiwa mwishoni kabisa.

Nyama niliikausha kwa kitambaa, nikaitia chumvi, nikaikaanga kwa mafuta kidogo katika sufuria nzito, vipande vichache kwa zamu, kwa kuwa ukivijaza vinatoa maji na kuchemka badala ya kuwa vya kahawia. Pilipili sikuitia wakati huo. Pande la sarara hukaa motoni dakika chache tu, ilhali kukaanga kilo nzima kwa zamu huchukua muda wa kutosha kuiunguza. Niliitia baada ya nyama kutoka, pamoja na siagi na vitunguu vilivyokatwa vidogo vidogo, na mara jiko zima likanukia mkahawa wa Kifaransa.

Nyumbani kwetu hatutumii kileo. Kazi ya konyaki katika mchuzi huu ni kuleta utamu wa mbali wa zabibu na ukali kidogo, basi nilichemsha kikombe kimoja cha juisi ya zabibu isiyoongezwa sukari mpaka ikabaki theluthi, nikaongeza kijiko kimoja cha siki. Niliimimina humo na kukwangua ukoko wote kwa mwiko wa mbao, kwani hapo ndipo ladha ya nyama choma ya chakula hiki ilipo, kisha nikarudisha nyama na lita mbili za supu ya mifupa.

Wafaransa hukila chakula hiki kwa chipsi. Mimi nilitia viazi vilivyokatwa vipande nusu saa kabla ya nyama kuiva, nikaponda vichache ubavuni mwa sufuria ili viongeze uzito bila unga wa ngano. Uyoga niliukaanga pembeni.

Krimu ndiyo inayotaka uangalifu. Nilichagua yenye mafuta asilimia 30 au zaidi, kwa sababu maziwa ya kawaida hukatika yakikutana na siki. Nilipunguza moto, nikachanganya kikombe kimoja cha krimu na upawa wa supu ya moto kwenye bakuli, pamoja na kijiko cha chai cha haradali ya Dijon, ndipo nikarudisha vyote sufuriani. Pilipili iliyobaki niliipasha ndani ya siagi iliyoyeyuka kwa muda mfupi tu, nikainyunyizia juu ya kila bakuli, tukala kwa boflo.

Supu hii ikilala huwa kali zaidi, kwa kuwa pilipili huendelea kutoa ukali wake ndani ya mafuta. Ninapoipasha moto siku ya pili huongeza supu ya mifupa kidogo, na siiachi itokote.