Mawe kwenye kibofu cha mbwa, mifupa tuiache kwanza

Kila nikisema mbwa wangu jike aliwahi kupata mawe kwenye kibofu jibu ni lile lile, ulikuwa unampa mifupa sana. Jamani mifupa tuiache kwanza. Mawe ya mbwa yapo ya aina kadhaa na kila aina ina chanzo chake, ndo maana ushauri uliomponya mbwa wa jirani wako unaweza ukamzidishia wa kwako.

Yapo yanaitwa struvaiti, ndo aliyokuwa nayo wangu. Kwa mbwa haya karibu kila mara yanaanza na maambukizi ya njia ya mkojo, kuna bakteria wanavunja yurea, ile taka ya mwili iliyomo kwenye mkojo, mkojo unakuwa wa alkali, basi magnesi na fosfeti zinaanza kugandana humo ndani. Majike ndo wanaopata sana kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi na pana, bakteria wanapanda kirahisi. Kwa hiyo jike akianza kuchuchumaa kila saa anatoa vitone tu, au unaona damu, mpeleke akapimwe mkojo mapema, maana akipata antibayotiki inayofaa na chakula maalum mawe haya yanaweza kuyeyuka bila upasuaji. Ya wangu yaliyeyuka.

Ya kalsiamu oksaleti hayayeyuki ng'o. Hayo yanawapata zaidi madume, hasa waliohasiwa na umri umeenda, na vile vijibwa vidogo ambavyo mjini siku hizi vimejaa, Shih Tzu, Yorkshire Terrier, Miniature Schnauzer. Dawa kama prednisolone (ya kutuliza uvimbe na mzio) na furosemide (ya kukojoza) nazo zinafanya kalsiamu itoke nyingi kwenye mkojo, sisemi umwachishe mbwa dawa, nasema daktari wa mifugo ajue anatumia nini. Na kile chakula cha kuupa mkojo asidi, kinachomfaa mwenye struvaiti, kwa huyu wa oksaleti kinaongeza hatari.

Mbwa wa aina ya Dalmatian wao wanazaliwa na tatizo, jeni inayoitwa SLC2A9 ina kasoro hivyo asidi ya yuriki inamwagika kwenye mkojo, na mbwa mwenye hitilafu ya mishipa ya damu ya ini anaweza kupata mawe ya namna hiyo hiyo. Hao usiwajazie maini, figo wala dagaa maana vinaongeza hiyo asidi, na dagaa ndo chakula cha mbwa cha nyumba nyingi huku kwetu! Yapo hata mawe ya silika, madini yale yaliyomo kwenye mchanga, mwaka 1977 yaliandikwa kuhusu mbwa wa Kenya waliokuwa nayo kwenye figo.

Sasa kinachoniuma mimi ni banda. Mbwa wa ulinzi anafungiwa asubuhi anafunguliwa giza likiingia, joto la Dar hili, bakuli limekauka tangu saa nne na wala hakuna anayeangalia, na mbwa wengi hawapendi kukojoa pale wanapolala kwa hiyo anabana mchana kutwa. Mkojo unakuwa mzito, madini yanakaa humo masaa na masaa, yanapata muda wa kugandana na kukua. Hapo haijalishi ni jiwe la aina gani, maji machache na kubana mkojo vinamharibia yeyote. Mtoeni mchana hata dakika kumi tu, wekeni mabakuli mawili matatu ya maji kivulini, yawe mazito asiyamwage, na kama anakula ugali au pumba ongezeni maji mpaka iwe rojorojo. Mbwa aliyewahi kupata mawe daktari anataka uzito wa mkojo wake ukilinganishwa na maji (maji ni 1.000) ushuke chini ya 1.020, na bakuli likikauka bandani hufiki hapo.

Mwenye dume naomba asikie hili: uume wa mbwa una mfupa ndani, jiwe likishuka linanasa nyuma ya ule mfupa. Ukimwona anainua mguu anakamua na hakitoki kitu, usiku huo huo hospitali, usisubiri kuche, kibofu kinaweza kupasuka na potasiamu ikipanda kwenye damu moyo unasimama. Omba na altrasaundi kwa sababu mawe ya yuriki mara nyingi hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida, na akishapasuliwa hayo mawe yasitupwe, yapelekwe maabara yajulikane ni ya aina gani kabla hujabadilisha chakula.