Siku niliyompeleka Kona Kaloleni

Saa 11:30 alfajiri

Adhana ya msikiti wa jirani inanikuta jikoni, sufuria ya omena iko motoni. Nimeziosha kwa maji matatu kutoa mchanga, na sasa nazichemsha hivyo hivyo, bila chumvi, bila mafuta, na bila kitunguu kabisa. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, hata vikiwa vimeiva. Omena za leo ni za mtoto mmoja tu wa paka. Anaitwa Kona, ana wiki 13, na mambo yakienda ninavyoomba, usiku wa leo hatalala kituoni.

Nafanya kazi katika kituo cha kuhifadhi wanyama upande wa Lang'ata, Nairobi, huu ni mwaka wangu wa 6. Watu hudhani kazi yangu ni kulisha na kusafisha. Hayo nayafanya, lakini kazi inayoninyima usingizi ni ya kutafuta nyumba. Paka aliyechangamka hujitafutia mwenyewe. Mgeni akiingia anamkimbilia, anajisugua miguuni mwake, na kufikia jioni ana kwao. Mwenye haya hana wa kumsemea isipokuwa sisi.

Saa 1:15 asubuhi

Kizimba cha mwisho, pembe ya kushoto. Hapo ndipo jina lake lilipotoka. Tangu aletwe, Kona hukaa ameupa mlango mgongo, pua ukutani. Alipatikana na ndugu zake wawili nyuma ya mashine ya kusaga unga huko Kawangware, na mama yao hakuonekana tena. Ndugu zake walichukuliwa mapema. Yeye pia alichukuliwa, akarudishwa siku ya 4 ndani ya kiondo kilichofungwa kamba, na maneno mawili: "Hazoei watu."

Siku 4! Nililia siku hiyo, na wala sikujificha. Mtoto wa paka humzoea binadamu kwa urahisi kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi ya maisha yake. Akishikwa kwa upole wakati huo, mtu kwake anakuwa wa nyumbani. Kona alitufikia akiwa na wiki 9, wakati huo umeshampita. Si kwamba hawezi kujifunza. Anajifunza kila siku, ila kwa mwendo wake.

Naketi sakafuni nikimpa ubavu, kwa maana paka akikaziwa macho huona ametishwa. Nafungua Taifa Leo ya jana na kumsomea kwa sauti ya chini: bei ya unga, mvua, matokeo ya mpira. Ninachotaka ni azoee sauti ya mtu asiyemtaka kitu. Wiki ya kwanza alitetemeka nikigeuza tu ukurasa. Baadaye sikio moja likaanza kunifuata. Leo, nikiwa katikati ya habari za michezo, amegeuza kichwa chote. Nimefumba macho polepole, nikayafumbua polepole, maana baina ya paka hiyo ni ishara ya amani. Amenitazama kwa muda mrefu. Kisha naye akafumba.

Nimempelekea omena kwa mwiko mrefu, akala sita huku mgongo umeinama tayari kukimbia. Sita! Jana zilikuwa mbili.

Saa 3:00 asubuhi

Simu zinaanza. Tangazo la Kona niliandika mwenyewe, na nilikataa kuandika kwamba ni mpole na anapenda watu. Niliandika hivi: "Hatakuja mapajani mwako mwezi wa kwanza, huenda hata wa pili. Atajificha. Atakula usiku mkiwa mmelala. Picha inaonyesha masikio tu kwa sababu ndiyo anayokubali tuyaone." Mwenzangu alisoma akasema nitawafukuza watu. Nilimwambia ndiyo, nataka kuwafukuza wote wa siku 4, abaki mmoja.

Wa kwanza anauliza kama anashika panya. Wa pili anataka mwenye manyoya marefu. Wa tatu ni mama wa Pipeline mwenye sauti ya huruma sana. Watoto wake wameona picha na hawamwachi apumue. Namuuliza kuhusu nyumba. Ghorofa ya 6, roshani haina wavu, na mdogo wa mwisho ana miaka 2. Nakataa, na kukataa mtu mwema kunaniuma kuliko kukataa mkorofi. Lakini paka aliyeshtuka hachagui pa kurukia, na mtoto wa miaka 2 hajui kwamba kupiga kelele za furaha ni kumtisha mwenzake. Namwambia afunge wavu kwanza, hata ule waya wa kuku wa hadiwea unatosha, kisha aje Jumamosi awaone wale paka wawili weusi, ndugu. Hao hawaogopi chochote. Wamekaa muda mrefu kwa ajili ya rangi yao tu, na jambo hilo linanikasirisha kila ninapopita mbele ya kizimba chao.

Anayemsubiri Kona alipiga juzi usiku. Ni fundi wa nguo wa Kaloleni, anaishi peke yake tangu binti yake wa mwisho aolewe. Aliniambia, "Mwanangu, nimesoma ulivyoandika. Mimi pia sipendi kushikwashikwa. Akae tu, nami nikae." Tulizungumza dakika 40. Kilichobaki ni mimi kuiona nyumba.

Saa 5:00 asubuhi

Daktari anampima: kilo 1.3. Kadi iko sawa. Chanjo ya pili na ya kichaa cha mbwa alipata wiki iliyopita, dawa ya minyoo pia, na amebakiza chanjo moja ya wiki ya 16.

Saa 7:30 mchana

Natandika boksi leso aliyoilalia wiki hizi zote. Siifui. Ina harufu yake, na huko aendako hicho ndicho kitu pekee atakachokitambua. Kumwingiza kunachukua nusu saa kwa sababu sitaki kumkamata. Naweka boksi mbele yake, omena tatu ndani, nakaa. Mwishowe anaingia mwenyewe.

Saa 8:20 mchana

Stejini naziacha nganya tatu zipite. Muziki wa zile gari unatikisa mpaka vioo, na kilo 1.3 ya hofu haiwezi kuvumilia hilo. Inakuja matatu ya zamani ya watu 14, redio yake imekufa, naingia. Kondakta anauliza, "Siste, hiyo ni kuku?" Namwambia ni paka, ni mgonjwa wa haya, na nitalipia viti viwili. Kijana wa watu akainua mkono kumtuliza mwenzake aliyekuwa akipiga ubavu wa gari. Mzee aliyeketi kando yangu alisogea kidogo. Tulipofika tao, katikati ya jiji, alikuwa ananiuliza kama ni kweli paka hapaswi kupewa maziwa. Ni kweli, nikamwambia. Wakishaachishwa kunyonya, wengi hawawezi tena kuyasaga, na ya ng'ombe huwaharisha. Wala ugali wa maziwa si chakula cha paka. Asipopata nyama au samaki macho hupofuka na moyo hudhoofika. Alitikisa kichwa akasema basi paka wao kijijini walikuwa wakijitafutia wenyewe shambani. Bila shaka.

Tao tukabadilisha gari, Jogoo Road, tukashuka City Stadium. Ndani ya boksi hakujatoka hata sauti moja.

Saa 9:40 alasiri

Nimeipenda Kaloleni kabla hata ya kubisha hodi. Nyumba za mawe za miaka ya 1940, za chini, paa la vigae, miti mikubwa kati ya safu na safu. Hakuna ghorofa ya kuanguka. Mama amenisubiri mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Karibu mwanangu. Karibuni nyote wawili."

Naingia, na moyo unashuka. Sebule ni safi, saruji nyekundu imesuguliwa ikang'aa, lakini kuzunguka cherehani sakafu imejaa nyuzi. Nyeupe, nyeusi, za rangi ya sare za shule. Ndefu kwa fupi. Sindano tatu zimechomwa kwenye mkono wa kochi.

Nasimama na boksi mkononi bila kulitua. Fikra ya kwanza ni kugeuka na kurudi. Nimewahi kusimama kando ya meza daktari akimpasua paka aliyemeza uzi, na yule paka hakuamka.

"Mama," nasema, "kabla sijamtua, nikueleze jambo."

Nikamweleza. Ulimi wa paka una vijimiiba vinavyoelekea kooni. Uzi ukishanata pale hawezi kuutema, kila anapolamba anausukuma ndani. Mara nyingi ncha moja hujizungusha chini ya ulimi na kushika, ile nyingine inashuka na utumbo. Utumbo unapojaribu kuusukuma, unajikunja juu ya uzi. Nilikuwa natafuta namna ya kumwonyesha, na yeye akanitangulia. Alichukua kipande cha kitambaa mezani, akavuta uzi mmoja, kitambaa kikajikusanya mikunjo mikunjo.

"Kama kutia marinda," alisema.

"Kama hivyo hasa, mama."

Aliviangalia vidole vyake kwa muda. Kisha akaenda kuleta ufagio.

Tulifanya kazi saa nzima, sote wawili. Chumba cha kulala kitakuwa cha Kona, mlango umefungwa wakati wote wa kushona. Uzi wote ndani ya mkebe wa biskuti wenye kifuniko. Sindano juu ya kabati. Kufagia mara tatu kwa siku, na hakuna kufungua mlango wa chumba kabla ya kufagia. Nimemsisitizia kwamba akiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, asiuvute hata kidogo, kwa sababu unaweza kuukata utumbo. Amfunike, anipigie, twende kwa daktari. Panadol zikatoka kando ya kitanda zikaingia kwenye droo, maana hata kipande cha tembe kinaweza kumuua paka. Majirani hutega panya kwa sumu, na paka akimla panya aliyekula sumu naye hudhurika, kwa hiyo tuliziba tundu la chini ya sinki kwa waya na kipande cha bati. Mtoto wa jirani ndiye aliyetuletea nyundo.

Niseme ukweli, jambo lililoniondolea shaka ni namna alivyokuwa akiniuliza. Hakusema hata mara moja "usijali". Aliuliza, akarudia nilichosema, akauliza tena. Mtu wa kazi ya kupima hajui kukisia.

Saa 11:00 jioni

Boksi liko chini ya kitanda, leso ndani, mlango wa boksi wazi. Karai la unga wa mbao liko pembe ya mbali na chakula, paka hapendi kujisaidia karibu na anapokula. Namweleza mama kwamba huu ni ulezi wa muda, wiki 3. Sitaki ahadi ya maisha leo. Kona asipotulia, atarudi kwetu na hakuna atakayelaumiwa. Akitulia, tutaandikiana. Akifika miezi 5 ataletwa kufungwa uzazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na huibeba kama miezi 2. Hapa kwetu karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo hawana msimu, huzaa mwaka mzima.

"Na asipokula?"

"Ikipita siku moja nzima, nipigie. Hata ikiwa ni usiku wa manane."

Ana shati la mteja la kumalizia, anakwenda sebuleni, nami nabaki sakafuni karibu na mlango. Cherehani ya miguu inaanza. Nakaza macho kwenye boksi nikitarajia mtetemeko. Badala yake linatokea sikio moja, halafu pua. Sauti ile inakwenda, inakwenda, haibadiliki, kama ile mashine ya kusaga aliyozaliwa nyuma yake. Kona ameweka kidevu kwenye ukingo wa boksi na kubaki hapo.

Sikumwita mama aje kuona. Nilingoja mashine inyamaze, nikaaga.

Saa 3:10 usiku

Nimefika nyumbani, nimekula githeri nikiwa nimesimama, simu ndani ya mfuko wa aproni. Kizimba cha mwisho niliacha nimekiosha na leso safi, kwa sababu kesho kuna wengine watatu wanaletwa kutoka Kikuyu.

Ujumbe unaingia. Mama haandiki kwa mkato, anaandika kama barua.

"Mwanangu, amekula vijiko viwili nikiwa nimezima taa. Amerudi ndani ya boksi. Nimefagia tena."