Kamba Mbili Kwenye Bawa

Siku ya kwanza kazini Cambridge Bay, kijiji cha kisiwani kaskazini mwa Kanada tulikokwenda kuhesabu wanyama kwa ndege, hatukuruka kabisa. Tulishinda uwanjani juu ya changarawe, tukipima kwa futi kamba kutoka kwenye tairi la ndege hadi fimbo mbili zilizolazwa chini. Mimi nilikaa ndani, kiti cha nyuma kulia, shingo imekakamaa kama ya kinyago. Kijana wa takwimu alikuwa nje, anasogeza kamba kwenye ile nguzo ya chuma inayoshikilia bawa. Juu kidogo. Shusha. Hapo hapo, funga.

Kazi hiyo naijua. Nimeifanya Seronera, Serengeti, mara kadhaa, kwa ajili ya sensa za wanyamapori, nikiwa na usingizi na vumbi puani. Macho yangu yakiwa mita 2 kutoka ardhini, na ndege ikitarajiwa kuruka mita 120 juu, ukanda wa mita 500 unalingana na mita 8 na sentimita 33 pale uwanjani. Unapima, unafunga kamba ya ndani na ya nje, basi. Ndege ikiwa hewani, mnyama anayepita kati ya kamba hizo mbili unamhesabu. Aliye nje ya kamba si wako, hata kama amesimama anakutazama.

Yule kijana alishangaa nilipompa jibu la hesabu kabla hajafungua kompyuta yake. Aliijua fomula vizuri, ila hakujua ilikotoka. Nikamwambia: hii iliandikwa kwetu. Mwongozo wenyewe ulichapishwa Nairobi miaka ya 1970, na mtunzi wake, Mike Norton-Griffiths, alikuwa akihesabu wanyama Serengeti. Hata njia ya Jolly, mtaalamu wa takwimu, ile tunayotumia kupata makadirio pale mistari inayofuatwa na ndege inapotofautiana urefu, ilitoka mwaka 1969 katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Na kabla yao wote, mwaka 1958, Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuwa wakihesabu nyumbu kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda. Michael aligongana na tai hewani Januari 1959, akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Nimelipita mara nyingi. Kuzikuta kamba zile Kanada, kaskazini ya mti wa mwisho, ilikuwa kama kukuta khanga ya mama imetandikwa kwenye kitanda cha ugenini.

Kisiwa chenyewe, Victoria, ni cha nane kwa ukubwa duniani: zaidi ya kilomita za mraba 217,000. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ingeingia humo mara kumi na nne na nafasi ikabaki. Watu wa Cambridge Bay hawafiki 2,000. Hakuna mti. Kuna mierebi, lakini inatambaa chini, haifiki hata gotini, na mimi nilishaikanyaga kabla ya kuambiwa kwamba huo ndio msitu.

Mnyama tuliyemfuata, Waingereza humwita ng'ombe wa miski. Ni ng'ombe kwa jina tu. Kwa ukoo yuko karibu zaidi na mbuzi na kondoo. Wenyeji, Wainuiti, wanamwita umingmak, yaani mwenye ndevu, na hilo ndilo jina lililomkaa. Ana manyoya marefu yanayoning'inia hadi karibu na kwato, na pembe zimekutana katikati ya paji kama za mbogo. Juu ya mabega ana nundu. Likumbuke hilo la nundu.

Asubuhi ya pili tuliruka. Rubani mbele, kando yake karani anayeandika na kuangalia kipimo cha kimo, nyuma yao waangalizi wanne: wawili kila upande. Mbele yangu alikaa mwindaji wa pale kijijini, mtu wa miaka sitini na kitu. Nilimwita "mzee", akauliza maana yake, nikamweleza, akaridhika nalo. Utaratibu ni kwamba sisi wawili tunatazama ukanda uleule, lakini kila mmoja anafunga mdomo mpaka wanyama wapite nyuma ya bawa. Ndipo tunasema. Kwa kulinganisha alichoona yeye nikakikosa mimi, na nilichoona mimi akakikosa yeye, kijana wa takwimu anapata kukadiria wale tuliowakosa wote wawili.

Saa ya kwanza ilikuwa maji, changarawe, maji. Vidimbwi maelfu, kila kimoja kinametameta, macho yanachoka. Kisha kundi la kwanza: weusi, wanatifua vishungi vya nyasi, na tulipokaribia wakakusanyika, migongo ndani, pembe nje, ndama wamepotelea katikati. Nyumbu angekuwa ameshafika Mara. Hawa walisimama. Mduara huo umewaokoa na mbwa mwitu wa Aktiki kwa miaka maelfu, na ukawaangamiza mbele ya bunduki: mtu anawamaliza wote bila kuhama alipo. Ndiyo maana Kanada ililazimika kuwalinda kisheria mwaka 1917.

"Kumi na mmoja," nikasema walipopita.

"Kumi na mmoja. Na dume mmoja peke yake, kabla yao."

Dume? Nilikuwa nimeona jiwe. Mzee hakugeuka. Alisema tu kwamba mawe hayana kivuli cha miguu.

Hayo makosa madogo yana bei. Hesabu hii ndiyo inayoamua wanavijiji watawinda wangapi, na nyama ya umingmak huku si anasa, ni kitoweo. Jirani upande wa magharibi kuna kisiwa cha Banks. Oktoba 2003 mvua ilinyesha juu ya theluji, ikaganda, ikafunga malisho chini ya barafu. Wanyama wapatao 20,000 walikufa. Baadaye ukaja ugonjwa wa bakteria. Mwaka 2001 Banks ilikuwa na zaidi ya 60,000. Sensa ya 2014 ilikuta kama 14,000. Kwa bakteria hiyo wengine walianguka ghafla, bado wamenona, na Victoria nako imeonekana. Mzee alinisimulia jinsi alivyokuta mizoga kiangazi kimoja, akanyamaza, akaniuliza kama kwetu faru tunawahesabu hivihivi. Nikamwambia hapana, faru tunawajua mmoja mmoja. Hilo lilimsikitisha kuliko nilivyotarajia.

Siku mbili ukungu wa baharini ulitufungia. Tukapanda Ovayok, kilima kilicho nje ya kijiji. Wanasema lilikuwa jitu lililokufa kwa njaa hapo, na vilima viwili jirani ni mkewe na mtoto. Kwenye mierebi nilichuma mafungu ya sufu iliyopukutika kwa umingmak, nyepesi kama pamba ya msufi. Nimeirudisha Arusha, mke wangu haamini kwamba imetoka kwa mnyama. Chakula cha mchana kilikuwa samaki aina ya char aliyepasuliwa na kukaushwa, ng'onda kabisa, ilikosekana ndimu tu.

Ukungu ulipoinuka tukamalizia mistari iliyobaki. Nilikuwa nimeshajifunza, au nilidhani hivyo. Nikaliona jambo jeusi pembeni ya kijito, lina nundu, lina kivuli. Bawa lilipopita nikatangulia kusema:

"Dume mmoja."

"Jiwe," alisema mzee.

Karani alisita na kalamu. Mnyama aliyekoswa ana hesabu ya kumrudisha. Jiwe likishaandikwa mnyama, hakuna fomula ya Nairobi wala ya wapi itakayoliondoa. Rubani akaomba dakika mbili, akalala na bawa, tukazunguka.

Jiwe. Na nundu yake.

Karani akafuta. Mzee alifungua chupa yake ya chai, akanimiminia kwenye kifuniko, akanyoosha mkono nyuma bila kuacha kutazama dirishani.