Nyumbu wa Marty Robbins

Mwaka 1984 masika hayakuonekana kabisa kwetu Ng'arua, magharibi mwa Laikipia. Kufikia Agosti bwawa tulilozoea kunyweshea lilikuwa limekauka hadi likafanya nyufa za kuzamisha mguu, na nyumbani tulikula ugali wa mahindi ya manjano kutoka Amerika. Jioni moja babu, baba yake mama, alihesabu ng'ombe waliobaki wakatimia 31. Kesho yake akatangaza kwamba wanapelekwa kwenye kinamasi cha Ewaso Narok, upande wa Rumuruti, kabla hawajaanza kuangukia zizini mmoja mmoja.

Nilikuwa na miaka 13, darasa la saba, na shule zilikuwa zimefungwa. Tulienda watatu: babu, mimi, na mjomba ambaye alikuwa utingo wa lori la mizigo na mwezi huo lori lilikuwa gereji. Babu alibeba fimbo, blanketi na kibuyu. Mjomba alibeba redio ya kaseti.

"Hiyo tutakula?" babu akamuuliza.

Mjomba hakujibu. Aliitundika begani kwa kamba ya katani, na kila tulipopumzika aliyatoa mawe yake, yaani betri, akayaanika juani ili yapate nguvu kidogo. Kaseti zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya Jim Reeves, mwimbaji wa Amerika ambaye wakati huo nyumba nyingi za kwetu zilimjua kama jirani. Nyingine, ya mwimbaji mwingine wa huko, aliinunua Nyahururu, imeandikwa kwa kalamu: Marty Robbins, nyimbo za kauboi. Baadaye sana nilikuja kujua ilikuwa imenakiliwa kutoka albamu ya 1959 iitwayo Gunfighter Ballads and Trail Songs, iliyorekodiwa Nashville kwa siku moja tu. Marty mwenyewe alikuwa ameshafariki Desemba 1982. Sisi hatukuwa na habari. Kwetu alikuwa hai, na sauti yake ilitoka kwenye ule mkebe safi kama maji ya chemchemi.

Usiku wa kwanza tulilala kando ya barabara ya vumbi, waya wa ranchi ukiwa upande mmoja na vichaka vya leleshwa upande wa pili. Mjomba akawasha redio kwa sauti ya chini. Ukaanza ule wimbo mrefu wa El Paso, wa kijana anayemuua mwenzake kwa ajili ya msichana wa dansi kisha anarudi kufia alikomwacha. Mimi niliupenda mno. Babu alikuwa anachokonoa mwiba kwenye kwato ya ndama na hata hakuinua kichwa. Ukaja mwingine wa bastola, na mwingine wa mtu kunyongwa. Babu akauliza kama watu hawa walikuwa na ng'ombe kweli, maana hakuna aliyewataja.

Kisha ukaja Cool Water. Wimbo huo unakwenda polepole, na nyuma ya Marty kuna sauti za wanaume zinazoitikia neno moja, maji, maji, kama mwangwi unaotoka bondeni. Kabla ya Uhuru babu alichunga ng'ombe wa mzungu kwa miaka mingi, na maneno ya Kiingereza aliyobaki nayo hayakufika ishirini. Hilo alikuwa nalo.

Akaacha mwiba. "Huyu anaomba maji."

"Ndiyo, Babu."

"Niambie anavyosema. Yote."

Mjomba akarudisha kaseti nyuma, nami nikawa natafsiri kipande kwa kipande. Nikamwambia ni mtu anayevuka jangwa bila tone la maji, yeye na nyumbu wake anayeitwa Dan.

"Nyumbu?" Babu alinitazama. "Hawa wanaohama kule Mara? Alimfugaje?"

Nilikwama. Nyumbu mwingine sikumjua. Mjomba ndiye aliyeeleza: "Si huyo, Baba. Ni mtoto wa punda na farasi. Wazungu humbebesha mizigo."

"Basi ni punda. Endelea."

Nikaendelea. Nikamwambia mtu huyo anaona mti mkubwa wa kijani na maji yanatiririka chini yake, lakini ni mazigazi, na anamwonya Dan asimsikilize anayewaita, kwa sababu ni shetani anawatandazia maji ya uongo mchangani. Usiku ukifika anatazama nyota na kila moja inafanana na kidimbwi. Hapo sauti yangu ilianza kunisaliti, kwa sababu mchana ule mimi mwenyewe nilikuwa nimeona maji barabarani mara tatu, na mara tatu nikanyamaza nisije nikachekwa.

Babu alikaa kimya mpaka wimbo ukaisha.

"Amekosea," akasema. "Mnyama hadanganywi na mazigazi. Anayedanganywa ni mwenye macho marefu kama wewe. Punda anatafuta maji kwa pua. Kwa nini anamwongoza? Amfungue, amfuate nyuma."

Alisema hayo kwa uchungu, kama anayemtazama mtu yule akipotea mbele yake wala hana njia ya kumpigia kelele. Akaniambia nimuulize mjomba kama mtu huyo alikuwa mchungaji au msafiri tu. Mjomba hakujua. Leo ningeweza kumjibu, angalau nusu. Aliyeutunga, mwaka 1936, ni Bob Nolan, mzaliwa wa Winnipeg kule Kanada, aliyehamia Arizona angali kijana na jangwa likamwingia moyoni. Ng'ombe hakuchunga, lakini kiu aliijua. Marty Robbins naye alikulia Arizona hiyo hiyo, na hadithi za kauboi alisimuliwa na babu yake mzaa mama. Siku niliyosoma habari hiyo nilifunga kitabu nikakaa muda mrefu bila kufanya kitu.

Usiku ule ng'ombe hawakulala. Ng'ombe mwenye kiu husimama, hulia kwa sauti kavu, na akishtuka mmoja wote wanashtuka. Fisi alilia mbali na kundi zima likasogea kuelekea waya. Babu akainuka, akajifunga blanketi, akaanza kulizunguka kundi polepole huku akiimba. Haukuwa wimbo wa maana. Yalikuwa majina ya ng'ombe wenyewe, moja baada ya jingine, na kati ya majina mngurumo wa kifuani usio na neno. Alizunguka hivyo mpaka wakaanza kujilaza. Nilisinzia, nikaamka, alikuwa bado anaimba.

Nilimwona tena babu yangu miaka mingi baadaye, katika kurasa za historia ya Texas. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1867, ng'ombe walikuwa wakiswagwa kutoka Texas hadi reli ya Abilene, Kansas, kundi moja hata vichwa 2,000 au 3,000 kwa watu wasiozidi kumi na wawili. Usiku wawili walilizunguka kundi kwa farasi, huyu akienda huku na yule akija kule, wakiimba ili ng'ombe wajue ni mtu anayepita gizani, wasije wakatimka. Nyimbo za dini, nyimbo za mapenzi, hata matusi yaliyotiwa tuni, ng'ombe hawakuchagua. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika kila kauboi wanne mmoja alikuwa mtu mweusi. Filamu ndizo zilizoleta bastola mbele na kuwasukuma ng'ombe nyuma. Wimbo wenyewe ulianza pale babu alipokuwa, miguuni pa ng'ombe asiyelala.

Siku ya pili ng'ombe mmoja, yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, alipiga magoti na hakuinuka tena. Tulimchuna. Sitaki kulieleza hilo zaidi.

Siku ya tatu, kabla jua halijawa kali, upepo uligeuka. Mimi sikusikia chochote isipokuwa vumbi. Ng'ombe mzee mwenye kengele alisimama katikati ya njia, akainua pua, akageukia kushoto, mahali ambapo mjomba alikuwa na hakika hapana njia. Mjomba akainua fimbo kumrudisha.

"Mwache!" babu akapaza sauti. "Mwacheni aongoze!"

Yule mzee akaanza kutembea, kisha kukimbia, mbavu zikicheza chini ya ngozi, na wengine wote nyuma yake. Tuliwafuata karibu saa nzima. Tulipofika ukingo wa matete ng'ombe walikuwa tayari wameingia hadi tumboni, na hakuna aliyelia. Ilisikika kengele tu, na midomo 30 ikivuta maji. Babu aliingia na viatu vyake vya tairi, akajaza kofia, akanywa, akajimwagia iliyobaki.

Jioni, tukiwa tumewasha moto, akaniuliza: "Na yule mwenye nyumbu, alifika?"

Nikamwambia wimbo unakatika kabla hajafika.

"Labda hukusikia vizuri. Rudisha nyuma."

Mjomba akabonyeza. Sauti ya Marty ikatoka nzito, ikavutika kama mtu aliyelewa usingizi, ikafa. Mawe yalikuwa yamekwisha.

Babu aliutazama moto kwa muda. Kisha akaikunja ngozi ya yule mwekundu, akampa mjomba, akamwambia akaiuze Rumuruti asubuhi, alete sukari na majani ya chai. Mjomba alipokuwa anaifunga kwa kamba, babu akaongeza, bila kumtazama:

"Na mawe. Manne, mapya."