Mteremko wa nyuma ya kwetu

Nimefika kwetu Matamba, wilayani Makete, Jumatano jioni, baada ya miaka 13 Uingereza. Kona hamsini na saba za kupandia kutoka Chimala ni zilezile, na baridi ya huku juu ni ileile. Mama alinipokea kwa viazi vya moto, tukaongea hadi taa ikazimwa. Lakini usingizi sikuupata. Nilikuwa nangoja kupambazuke nikaone maua.

Mliokulia huku hamhitaji kuelezwa. Mwezi wa pili, mvua ikishashika, mteremko wa nyuma ya kwetu ulikuwa hauna pa kukanyaga: okidi za zambarau, nyeupe, za njano, na bondeni yale maua marefu ya rangi ya moto. Ukungu ukifunguka saa nne jua likapiga, majani mabichi yalitoa harufu tamu iliyochanganyika na ya udongo, ikakaa kwenye sweta mpaka jioni. Uingereza, kila Aprili, wenyeji walinipeleka msituni kutazama maua yao ya buluu. Ni mazuri, sikatai. Na kule kung'oa ua la mwituni bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa kisheria. Mimi niliwaambia, subirini siku niwaonyeshe ya kwetu.

Alfajiri nikapanda. Nikakuta mashimo.

Mashimo madogo madogo, mamia, kama fuko wamepita, yamejaa maji ya mvua. Pembeni mabua ya okidi yametupwa, mengine bado na maua yake, yananyauka. Chini kumelimwa viazi, juu kumepandwa misindano, na kipande cha katikati kilichobaki ndicho hicho kilichochimbuliwa.

Ni chikanda, chakula cha mizizi ya okidi. Mizizi inakaushwa, inasagwa, inapikwa na unga wa karanga, magadi na pilipili mpaka ishikane, kisha inakatwa vipande. Nchini Zambia inapendwa sana, na magunia ya mizizi ya huku kwetu yanashuka Tunduma, mpakani, kwenda kulisha soko hilo. Kinachoniuma zaidi ni namna inavyochimbwa. Okidi hizi chini zina mizizi miwili minene kama viazi: kimoja kimelegea, ndicho kilichotoa ua la mwaka huu, kingine kigumu, ndicho cha kuchipua mwakani. Mchimbaji anachukua hicho kigumu. Kilicholegea anakitupa. Shimo moja, na ua hilo halirudi.

Jioni nilimuuliza rafiki yangu wa utotoni, tuliyechunga naye ng'ombe palepale. Hakuficha.

"Kaka, wewe ulikuwa Ulaya. Binti yangu amesoma sekondari kwa mashimo hayo."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ningemwambia nini, mimi niliyeondoka? Lakini nilirudi nyumbani nikakaa nyuma ya jiko peke yangu, na mama akaniacha.

Najua kuna hifadhi. Kitulo, uwanda wa huku kwetu juu, imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2005, kilomita za mraba zipatazo 413, okidi za ardhini aina 45 na mimea mingine mamia. Nimeenda Ijumaa, na ndani maua yapo, nashukuru kwa moyo wote. Lakini wazee walipopaita Bustani ya Mungu hakukuwa na geti. Mtoto wa Matamba alikuwa anaamka tu, anafungua mlango wa nyuma.

Atakayekuja, aje kati ya Desemba na Aprili. Asije Agosti akasema nimemdanganya. Avae buti, abebe sweta zito na koti la mvua, aongozane na mhifadhi, asikanyage nje ya njia. Na akiwekewa chikanda mezani, aikatae.

Mteremko wetu nimeuzunguka siku tatu, hatua kwa hatua. Nimehesabu mashina 11 yenye maua. Yalipo sitaandika hapa.